Nusu saa mbili kwa siku: mama, mtoto mchanga na kazi katika Katanga

LUBUMBASHI – Jumatatu ile asubuhi shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alirudi kazini. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ametimiza wiki nane. Nilimkuta saa kumi na mbili kando ya barabara hapa Katuba, begi begani, amesimama tu. Teksi-basi mbili zilikuwa zimepita bila yeye kuzisimamisha. Nyuma yetu, ndani ya lupango, mtoto alikuwa analia mikononi mwa mama mkubwa. Shemeji akaniambia: «Nikigeuka nyuma, leo siendi.» Akapanda ya tatu.

Jioni alirudi na kanzu imelowa maziwa mbele. Alikuwa amemwomba mkuu wake nafasi ya kunyonyesha, akajibiwa kwamba pale hakuna kitu kama hicho, na kwamba kama mtoto ni mzigo akae naye nyumbani. Sitataja mahali pale, maana si pa peke yake. Lakini shemeji aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile: «Wewe unayeandika, ni nani alikaa chini akahesabu kwamba wiki nane zinatosha?»

Nimetafuta. Jibu ni refu, na kwetu Katanga linaanzia kwenye kambi za wafanyakazi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika hapa 1910, mwaka ule ule mji wa Elisabethville ulipoanzishwa, na shaba ya kwanza ikamiminwa 1911. Katika miaka ile ya mwanzo kampuni ilitaka mikono ya mwanaume tu. Watu waliandikwa kwa miezi michache, wengi wakitoka Rhodesia ya Kaskazini, na wengine waliletwa na Bourse du Travail, shirika lililoundwa 1910 kwa kutafuta wafanyakazi. Mwanaume alikuja peke yake, akalala na wenzake katika nyumba moja, na wengi waliugua, wakafa au wakatoroka. Mke na mtoto walibaki kijijini. Kwa hesabu ya kampuni, mtoto mchanga alikuwa mdomo wa bure.

Hesabu hiyo iligeuka katika miaka ya 1920. Kuleta mtu mpya kila mara kuligharimu sana, na vijiji vilikuwa vinaishiwa vijana. Kuelekea 1928 kampuni ilishika siasa mpya: mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya mtu na mke wake, posho ya mke na ya watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuja kuongoza idara ya wafanyakazi weusi wa kampuni, ndiye aliyeisimamia siasa hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1946 aliandika kitabu kizima kueleza matokeo yake. Mfanyakazi mwenye mke hatoroki. Na mtoto anayezaliwa kambini ni mfanyakazi wa kesho ambaye hakuna haja ya kumfuata porini.

Hapo ndipo mtoto mchanga alipoingia katika daftari la kampuni. Mama mwenye mimba alipaswa kujionyesha kwa mganga na aliongezewa posho. Alijifungulia materinite. Mtoto alipimwa uzito, akaandikwa, na alipokua kidogo alipewa chakula kwenye kantini. Watawa wa Kikatoliki walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Sisemi kwamba ilikuwa kazi mbaya. Watoto wengi walipona ambao wangekufa, na wazee wa kambi mpaka leo wanaisifu materinite ya zamani kuliko hizi zetu.

Lakini kuna jambo ambalo wazee hawalisemi mara kwa mara, labda kwa haya. Kwa desturi ya makabila mengi ya huku, mama alimnyonyesha mtoto miaka miwili, hata mitatu, na wakati huo hakurudi kwa mume wake. Ndivyo watoto walivyoachana kwa miaka. Wazungu wa wakati ule waliogopa kwamba watu wa Kongo wanapungua, na wengi wao waliona kwamba kunyonyesha muda mrefu ndiko kunakochelewesha mimba na kuwasukuma wanaume kwenye mitala. Basi wakaanza kuwahimiza wamama waachishe ziwa mapema. Uji, supu na maziwa ya ng'ombe vikaja kuchukua nafasi ya ziwa. Katika sehemu nyingi za koloni, vyama vya mabibi wa Kizungu vilifungua vituo vya kugawa maziwa na ushauri kwa wamama. Huko Ulaya vituo kama hivyo vilikuwa vimeanzishwa kwa ajili ya watoto ambao mama zao wanaingia kiwandani. Hapa vililetwa kwa mama ambaye haingii kiwandani kabisa. Hapo na mimi nilisimama kidogo niliposoma.

Nilimuuliza mama mkubwa. Yeye ni mtoto wa kambi, na kifungua mimba wake alizaliwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Alicheka kwanza. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Tulikuwaka tunapanga mulongo na batoto yetu. Banamupima, banaandika, banakuuliza: mutoto ananyonya mpaka lini? Unasema tu ile banapenda kusikia. Ukifika ku nyumba, unamupa ziwa.»

Mke wa kambi alisemwa kuwa hana kazi. Katika karatasi alikuwa «mke wa namba fulani». Ukweli ni kwamba alilima viwanja kando ya kambi mtoto akiwa mgongoni, akauza mboga, akapika pombe usiku akiwachunga polisi wa kambi. Posho haikutosha kila wakati. Wakati wa vita ya pili ya dunia bei zilipanda na mshahara ukabaki nyuma, na Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Wengi waliuawa kwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Watu wanapoikumbuka siku ile wanataja mishahara ya wanaume. Mimi nafikiri pia juu ya sufuria zilizokuwa nyumbani.

Baada ya vita zilienea fuayee sosiali, nyumba ambamo wamama walifundishwa kushona, kupika na kuogesha mtoto. Msichana aliyesoma zaidi angeweza kuwa mwalimu wa wadogo au msaidizi wa mkunga, na mara nyingi aliiacha kazi akiolewa. Swali la mama anayerudi kazini na maziwa kifuani halikuwa limefika kwetu bado. Lilikuwa limejibiwa mahali pengine, na jibu lilikuwa linatungoja.

Mahali penyewe ni Washington, mwaka 1919. Mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha huko mkataba wa kulinda uzazi, mkataba namba 3. Ulisema mama asifanye kazi wiki sita baada ya kuzaa, awe na haki ya kuondoka wiki sita kabla, na akiwa ananyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Ulikuwa umeandikwa kwa wamama wa viwanda na maduka, wengi wao katika nchi za baridi ambako mtoto aliweza kuwekwa chumba cha jirani au nyumbani mtaa wa pili.

Kongo ilipopata uhuru, wanawake waliingia polepole katika kazi za mshahara: shule, hospitali, biro, posta. Sophie Kanza alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964, na miaka miwili baadaye akawa waziri wa kwanza mwanamke. Lakini sheria ya kazi ya tarehe 9 Agosti 1967 ilisema mwanamke aliyeolewa anaweza kujiandikisha kazini isipokuwa mume wake apinge waziwazi. Sheria ya familia ya 1987 iliongeza kufuli: mke alihitaji ruhusa ya mume kwa tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe. Nimewasikia wanaume wanaoitetea kanuni hiyo kwa jina la desturi. Bibi yetu alipouza mihogo yake hakumwomba mtu karatasi.

Sheria mpya ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliondoa upinzani huo wa mume. Ruhusa ya sheria ya familia ilingoja mpaka Julai 2016 ndipo ikafutwa. Na ni katika ile sheria ya 2002 ndipo nilipopata jibu la shemeji, kwenye kifungu cha 130. Mwanamke ana haki ya kusimamisha kazi wiki 14 mfululizo: sita kabla ya kuzaa, na nane, ndiyo mwisho, baada ya kuzaa. Katika muda huo anapata theluthi mbili za mshahara, na faida nyingine za mkataba zinaendelea, mtoto awe hai au hapana. Mwajiri hawezi kuvunja mkataba. Na mama anayenyonyesha, mbele ya mwajiri yeyote, ana mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama kazi. Ni nusu saa zile zile za Washington.

Kwa hiyo mkuu wa shemeji alikosea, na alikosea vibaya. Lakini niruhusuni kusema kwamba hata sheria yenyewe inabana. Wamama wengi wanafanya kazi mpaka siku ya uchungu, wakiamini kwamba wiki zile sita wataziongeza mbele. Maandishi hayasemi hivyo. Baada ya kuzaa mwisho ni nane. Na kwenye materinite hiyo hiyo ambako mtoto anapewa karatasi yake, muuguzi anamwambia mama: ziwa tu, bila maji wala uji, miezi sita. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Kati ya wiki nane na miezi sita kuna karibu miezi minne ambayo hakuna aliyeandika mtoto atakula nini. Maziwa ya kopo ni ghali kwa mwenye mshahara wa hapa, na maji ya kuyakoroga si safi kila mtaa.

Halafu nusu saa. Kutoka mjini mpaka Ruashi au Katuba, teksi-basi ikijaa haraka na barabara ikiwa wazi, nusu saa imeisha kabla hujamwona mtoto. Waajiri wengine wanakubali kuunganisha zile nusu mbili, mama akatoka saa moja mapema. Hilo ni la kuelewana. Linasaidia jioni, ila halimnyonyeshi mtoto wa saa nne.

Zaidi ya hayo, sheria hii inamgusa mwenye mkataba, na wenye mkataba ni wachache. Gécamines, iliyorithi kazi za Union Minière baada ya serikali kuzichukua mwanzoni mwa 1967, ilianza kuanguka miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari». Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo chetu kikuu ameandika jinsi watoto wa kampuni walivyoachwa na «baba» yao, ndiyo kampuni yenyewe. Siku zile ni mama aliyebeba nyumba. Alipanga makaa, unga, mafuta na fretini barabarani, mtoto chini ya meza ndani ya katoni. Mama wa soko hana wiki nane. Wengine wanarudi siku ya kumi. Ila yeye ana kitu ambacho shemeji yangu hana: mtoto yuko pale, na akilia anapewa ziwa.

Nilimsomea shemeji kifungu cha sheria, akakiandika kwenye karatasi, akaipeleka kwa mkuu wake pamoja na mwakilishi wa sendika. Walibishana siku tatu. Mwisho walikubaliana atoke dakika thelathini saa nne, na dakika thelathini mwisho wa siku. Mdogo wangu analipa teksi, na mama mkubwa, ambaye magoti yanamuuma, anamfunga mtoto mgongoni na kwenda kungoja langoni, chini ya mti wa maembe. Mlinzi amewatafutia kiti.

Wiki ya kwanza walikwenda siku tano zote. Wiki hii mvua kubwa ilinyesha Jumanne, barabara ya kwetu ikajaa maji, hawakwenda. Shemeji alitoka langoni saa nne, akaangalia barabara mpaka nusu saa ikaisha, akarudi ndani.