Rannoch Moor: Ardhi Isiyo Tupu
Mtembeaji anayepita hapa Rannoch Moor, Uskoti, peke yake majira ya mapukutiko, kati ya Loch Bà na Loch Laidon, ni rahisi aone uwanda uliolowa, usio na faida. Lakini ushahidi kwamba sivyo uko chini ya viatu vyake. Barafu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita iliacha mabonde yanayotuamisha maji. Humo kuvumwani hufa pasipo kuoza kikamilifu, na mboji huongezeka takriban milimita 1 tu kwa mwaka. Visiki vya misonobari vinavyochungulia kingoni mwa mboji vina umri wa maelfu ya miaka. Wajenzi wa reli iliyofunguliwa mwaka 1894 waliilaza njia juu ya matita ya matawi, mizizi, udongo na majivu, na treni zingali zinapita.

Wapo wanaouliza: kama palikuwa na misitu, mbona miti haipandwi tena? Kwa sababu kuotesha miti kwenye mboji nene huhitaji mitaro, na mboji ikikauka huachia kaboni iliyoihifadhi. Hoja nzito zaidi ni hii: sheria ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea, basi jozi moja ya viatu itaharibu nini? Peke yake, karibu hakuna. Lakini nyayo hufuata nyayo, zikawa njia, na njia mteremkoni hugeuka mfereji. Sheria yenyewe inadai uwajibikaji: kanyaga mawe panapowezekana, na uulizie kwanza kulungu dume wanawindwa wapi.