Swali Linaloacha Alama: Deni na Jina la Mkopaji kutoka Uvira hadi Bijombo

Kwa mabenki ya siku hizi, alama ya mkopo ni namba inayokadiria kama mtu atalipa deni lake, na ulizo ni kumbukumbu inayoandikwa katika taarifa zake kila mkopeshaji anapoifungua ili kuamua juu ya ombi lake. Katika mfumo wa FICO, uliotolewa Marekani mwaka 1989, ulizo hubaki katika taarifa kwa miaka 2, ingawa huhesabiwa kwa miezi 12 tu na mara nyingi hupunguza pointi zisizofika 5. Mtu anayetazama taarifa zake mwenyewe hapunguziwi kitu. Hoja ya mfumo huo ni kwamba anayebisha milango mingi kwa muda mfupi huenda amebanwa na uhitaji, kwa hiyo swali lenyewe hugeuka ushahidi dhidi yake.

Katika kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kuuliza habari za mkopaji kulikuwa na kazi nyingine. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, waliikuta ikiwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa pwani kwa upande huo, na bidhaa za biashara hiyo, yaani nguo na shanga, zilikuwa zimetoka Unguja kwa mkopo uliotarajiwa kulipwa kwa pembe za ndovu baada ya miezi mingi au hata miaka. Matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, aliyemkopesha mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip, hawakuwa na daftari la pamoja la wakopaji. Walitegemea jina la mtu, na jina hilo lilisafiri na misafara kupitia Tabora na Ujiji.

Bijombo, katika milima mirefu iliyo juu ya Uvira, mali iliyokopeshwa ilikuwa na miguu. Wafugaji wa Banyamulenge huita kuragiza desturi ya kumkabidhi mtu mwingine ng'ombe awachunge, ambapo mchungaji hufaidika na maziwa nao ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe, na faida kubwa ya desturi hiyo ni kwamba ugonjwa au uporaji ukilipiga zizi moja haumalizi mali yote. Makubaliano ya namna hii husimama juu ya mashahidi: majirani wanaojua ni ndama wangapi waliozaliwa, nani alitoa habari mapema ng'ombe alipokufa, na nani alikaa kimya. Hapa aliyeulizwa habari zake hakupoteza kitu kwa kuulizwa; tena mtu asiyeuliziwa na yeyote ndiye asiyekabidhiwa mali, na kwa haki mpangilio huu ulikuwa wa busara zaidi kuliko namba, kwa sababu ulitofautisha bahati mbaya na hila.

Udhaifu wake ulikuwa mkubwa vilevile, kwa maana daftari lake lilikuwa watu, na watu hukimbia. Tangu mapigano ya mwaka 2018, vijiji vya Bijombo vimechomwa, ng'ombe wameporwa kwa wingi, na wakazi wa makabila yote wametawanyika, wengine hadi Uvira, wengine ng'ambo ya mpaka. Mchungaji mwaminifu wa miaka 30 akiingia mjini kuomba mkopo mdogo, mashahidi wake wamebaki kambini au makaburini, na Benki Kuu ya Congo, ambayo hukusanya habari za madeni kutoka kwa mabenki na taasisi ndogo za fedha, haina mstari wowote wa kumwandikia ndama aliowarudisha.