Makro na Rudufu Iliyotanguka

Katika madaftari ya siku hizi, ambayo hayaandikwi tena kwa kalamu na wino bali huandikwa ndani ya kompyuta, katika ile karatasi yenye vyumba vya mraba ambayo wataalamu wetu wa istilahi wameiita lahajedwali, lipo tatizo alijualo kila karani aliyewahi kutunza orodha ya wanachama, ya wagonjwa au ya wanafunzi, hata ikiwa hajapata jina la kuliita: mtu mmoja ameandikwa mara mbili, na maandiko hayo mawili hayaafikiani. Mahali pamoja mwanachama huyo anakaa Chumbageni, mjini Tanga, na baba yake ni Hamisi. Safumlalo mia tatu chini yake, mtu yuleyule anakaa Makorora, ana nambari nyingine ya simu, na baba yake amekuwa Hamis, bila ya irabu ya mwisho. Andiko mojawapo lilikuwa kweli zamani, na la pili ni kweli leo. Swali letu ni jina gani lilifae andiko hilo la zamani, na njia gani ya kulitafuta katika orodha ya watu elfu kadhaa.

Wengi hukimbilia neno nakala, nami sioni kama wanafanya sawa. Nakala hutolewa kwa makusudi katika asili yake, na sifa yake kubwa ni kufanana na asili hiyo. Ikikosa kufanana nayo husemwa kuwa imekosewa. Maandiko yetu mawili hayakutolewa moja katika jingine, bali kila moja liliandikwa kwa wakati wake, aghalabu na karani mwingine asiyejua habari za mwenziwe, na yamekutana kwa mtu mmoja tu. Lifaalo zaidi ni rudufu, neno la ukoo mmoja na muradifu, ambao mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kufuatana, mmoja nyuma ya mwingine. Na walimu wetu wa zamani waliokuwa wakirudufu mitihani kwa mashine ya wino hawatalionea ugeni.

Ama jina la sifa ya lile andiko lisilo kweli tena lina mashaka zaidi. Kuukuu ni sifa ya nguo na mkeka, na chakavu vivyo hivyo. Hata maneno haya tuliyoyazoea, iliyopitwa na wakati, yanamtia hatiani asiyehusika, kwa maana si wakati ulioliharibu andiko lile: andiko la mwaka 1998 lisilofuatwa na jingine bado ndilo tegemeo letu, ilhali andiko la mwezi uliopita limekwisha kazi ikiwa jingine limeandikwa jana. Wanazuoni wa fikihi wanaijua hali hii tangu karne nyingi, nao wana nasikhi na mansukhi, yaani kinachoondoa hukumu na kilichoondolewa hukumu, na sharti lao la kwanza ni kujua kipi kilitangulia. Sithubutu kulibeba neno zito kama hilo mpaka kwenye daftari la chama cha akiba na mikopo. Lakini tunacho kitenzi chetu, kutangua, tunachokitumia kwa ndoa na mapatano, na kwa hiyo napendekeza rudufu iliyotanguka. Nimeacha iliyotanguliwa kwa sababu umbo hilo ni la kutangua na ni la kutangulia pia, na msomaji atashindwa kujua kama tunasema kuwa andiko limeondolewa au kwamba lipo jingine mbele yake.

Chombo kinachotumwa kuyatafuta maandiko hayo ni makro. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya refu au kubwa, na watunga programu wa miaka ya 1950 walilitumia kwa amri moja fupi ambayo mashine huikunjua ikawa amri nyingi, kama nahodha anapotamka neno moja la kutweka, na mabaharia, pasipo kungojea maelezo, wakashika kamba hii na kulegeza ile mpaka tanga limepanda. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ilikuwa na makro zake, na mwaka 1993 Excel ikapewa lugha kamili ya kuziandikia. Mtu angeweza kubuni amri fumbato, kwa kuwa imefumbata amri nyingi, lakini naona makro imekwisha kukaa kitako. Ila tusidanganywe na silabi yake ya kwanza tukasema makro haya na kuanza kuitafuta kro moja. Maktaba nayo huanza na ma, wala sijasikia mtu aliyeingia katika ktaba.

Makro ya kazi hii hulipitia daftari mara mbili. Katika pito la kwanza husoma kila safumlalo, ikatwaa ufunguo, yaani kile kinachomtambulisha mtu pasipo shaka, kama nambari ya uanachama, na kuuhifadhi pamoja na tarehe ya andiko. Ikikutana na ufunguo uleule tena, hulinganisha tarehe na kubakisha iliyo ya karibuni. Katika pito la pili, kila safumlalo yenye tarehe ya nyuma kuliko ile iliyohifadhiwa hutiwa rangi ya manjano, na pembeni yake huandikwa kuwa imetanguka. Haifutwi. Hapo ndipo makro inapokipita kile kitufe cha kuondoa rudufu kilichoingizwa katika Excel ya 2007, ambacho hubakisha andiko lililo juu na kuyafuta yaliyo chini, lililo juu hata likiwa ndilo la zamani.

Kazi ngumu imo katika kuutakasa ufunguo na tarehe. Jina halifai kuwa ufunguo, maadam Muhammad, Mohamed na Mohammed ni mtu mmoja kwa mamaye na watu watatu kwa kompyuta. Nambari ya simu nayo ina hila zake: lahajedwali ikiidhani kuwa ni hesabu huila sifuri ya mbele, na mwenye 255 mwanzoni akaonekana si yule. Tarehe, kwa upande wake, Excel huihifadhi kama idadi ya siku, ikianzia tarehe 1 Januari 1900, hata 1 Januari 2000 ikawa 36526, na kulinganisha mbili ni jambo jepesi. Lakini karani akiandika 3 Machi 2021 kwa herufi, mashine iliyowekwa kwa Kiingereza haioni tarehe hapo, huona maneno tu, na 3/4, ambayo kwetu ni Aprili, kwa mashine iliyowekwa kwa desturi ya Marekani ni Machi. Wala kitufe cha kutendua hakirudishi kilichofanywa na makro, kwa hiyo faili lihifadhiwe kando kwanza.

Zikilingana tarehe za maandiko mawili, makro haina hoja ya kutangua upande wowote. Iyatie yote mawili rangi nyingine na kuyaita rudufu tu, kisha karani ampigie mwanachama simu, kwa nambari zote mbili.