Motokaa Iliyoitwa Roho

Msomaji wangu, huenda hujapata kuiona motokaa ninayotaka kukusimulia habari zake, kwa maana zilizobaki katika nchi yetu ni chache, na nyingi katika hizo chache hazitembei tena. Zimesimama nyuma ya nyumba za watu, majani yameota magurudumuni, na kuku hutaga mayai juu ya viti vyake. Jina lake la kiwandani ni Renault 4. Hapa Kenya wazee wetu waliiita Renault Roho. Ni motokaa ndogo, nyembamba, yenye taa mbili za mviringo usoni kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, na nyuma ina mlango wa tano unaofunguka kwenda juu.

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wa kusomesha, na fedha zangu si nyingi. Hata hivyo mwaka 2014 nilikwenda nikainunua motokaa ya namna hiyo, yenye umri unaokaribia wangu. Jirani zangu walinicheka, na walikuwa na haki. Nitakueleza sababu yangu, lakini siwezi kuieleza vema kabla sijakupeleka Ufaransa, kwa kuwa huko ndiko ilikozaliwa, na kuzaliwa kwake hakukuwa jambo la bahati.

Vita Kuu ya Pili vilipokuwa vinakaribia kwisha, Ufaransa ilikuwa nchi iliyochoka. Louis Renault, mwenye kiwanda kikubwa cha Billancourt kando ya Paris, alikamatwa mwaka 1944 kwa shtaka la kuwafanyia kazi Wajerumani walioitawala nchi yake, akafa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kabla ya kuhukumiwa. Januari 1945 serikali ya Jenerali de Gaulle ilikitwaa kiwanda chake kikawa mali ya taifa. Tangu hapo swali la watu wa Billancourt lilikuwa hili: ikiwa kiwanda ni cha taifa, je, mtu wa kawaida naye hatapata motokaa? Jibu la kwanza lilikuwa motokaa ndogo iliyoitwa 4CV, yenye injini nyuma. Ziliundwa zaidi ya milioni moja, na hakuna motokaa nyingine ya Kifaransa iliyokuwa imefika hesabu hiyo kabla yake.

Wakati huo huo Citroën nao walikuwa na fikira yao. Tangu kabla ya vita mkuu wao, Pierre Boulanger, aliwaagiza mafundi wamtengenezee motokaa ya mkulima: ichukue watu pamoja na gunia la viazi la kilo 50, na iweze kupita katika shamba lililolimwa bila kuvunja mayai yaliyo katika kikapu. Vita vilipoanza mifano yake ilifichwa Wajerumani wasiione, na watu waliionyeshwa Paris mwaka 1948 kwa jina la 2CV. Waandishi wa magazeti waliidhihaki. Wakulima hawakudhihaki, bali walijiandikisha, wakangoja miaka.

Sasa aingie mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Pierre Dreyfus aliwekwa kuwa mkuu wa Renault mwaka 1955. Hakuwa fundi, na labda hiyo ndiyo sababu aliona jambo ambalo mafundi hawakuliona. Aliona kwamba Wafaransa walikuwa wakiyaacha mashamba na kuhamia pembezoni mwa miji mikubwa; kwamba wanawake wengi zaidi walikuwa wakifanya kazi za mshahara na kuendesha wenyewe; na kwamba familia moja, kwa juma moja, ilihitaji chombo cha kwenda kazini Jumatatu, cha kuchukua kitanda au mbuzi Jumamosi, na cha kupeleka watoto kwa bibi yao Jumapili. Akasema anataka motokaa iwe kama suruali ya jinzi: nguo isiyoona haya popote, ivaliwayo na tajiri na maskini, mjini na shambani.

Mafundi wakaanza upya. Injini waliitoa nyuma wakaitia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta gari, jambo ambalo Renault hawakuwa wamelifanya katika motokaa yao yoyote ya abiria. Kwa kuwa hapakuwa na injini nyuma, sakafu ilikuwa tambarare tangu viti vya mbele mpaka mlango wa tano, na kiti cha nyuma kiliweza kuondolewa. Si kweli kwamba hakuna aliyepata kuufikiria mlango wa namna hiyo kabla yao. Citroën walikuwa nao katika motokaa zao za wafanyabiashara. Lakini kuutia katika motokaa ya bei nafuu, iliyokusudiwa mamilioni ya watu, ndiyo kazi iliyoigeuza sura ya magari madogo ya dunia. Kila motokaa ndogo unayoiona leo barabarani, yenye mlango wa nyuma unaoinuliwa juu, ni mjukuu wake.

Niruhusu nikae kidogo juu ya ufundi wake, maana unafurahisha. Badala ya springi za kawaida, iliwekwa juu ya nondo za chuma zinazojisokota gurudumu linapopanda na kushuka. Nondo za nyuma ni ndefu, nazo hulala kukingama chini ya sakafu, moja mbele ya nyingine. Kwa hiyo gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto haliwezi kuwa sambamba. Ukipima kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, upande wa kulia umezidi wa kushoto kwa karibu sentimeta 5. Mtu asiyejua hudhani gari limegongwa. Giaboksi imekaa mbele ya injini, basi mkono wa gia umepitishwa juu ya injini yote ukatokea katika ubao wa mbele ya dereva, umepindwa kama mkono wa mwavuli: huvutwa, husukumwa, huzungushwa. Maji ya kupoza injini yalifungiwa ndani yasipotee, ili mwenye gari asihangaike kuongeza maji kila siku. Injini ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimeta mchemraba 747 tu, yaani haizidi ya pikipiki kubwa ya siku hizi.

Ilionyeshwa kwa watu katika mwaka 1961, na kufika mwaka 1966 zilikuwa zimekwisha undwa milioni moja. Wenye kuiunda walikuwa maelfu ya watu katika kisiwa cha Seguin, kilicho katikati ya mto Seine, na wengi wao walikuwa wageni waliotoka Algeria, Moroko na nchi nyingine za Afrika. Usidhani kazi yao ilikuwa nyepesi. Palikuwa na makelele, joto la tanuri na mkanda usiosimama. Lakini kiwanda hicho cha taifa ndicho kilichokubali kuwapa wafanya kazi juma la tatu la likizo yenye malipo mwaka 1955, na juma la nne mwaka 1962, kabla sheria ya nchi haijawafikia wengine. Hivyo mtu aliyekaza skurubu za Renault 4 aliweza kuwapakia watoto wake ndani ya Renault 4 akaenda kuiona bahari. Na mwezi wa Mei 1968, Ufaransa ilipotikiswa na migomo, watu wa Billancourt walikuwa miongoni mwa waliokataa makubaliano waliyoletewa, wakaendelea kukaa kiwandani.

Ziliundwa zaidi ya milioni nane. Maposta wa Ufaransa walipeleka barua kwazo, na polisi wake walizitumia vijijini. Katika nchi ya Slovenia, zilikoundwa mpaka mwaka 1992, watu huziita kwa jina la mapenzi mpaka leo. Tarehe 9 Mei 1978 mwili wa Aldo Moro, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Italia, ulikutwa Roma nyuma ya Renault 4 nyekundu, na Waitalia wa umri fulani hawawezi kuiona nyekundu bila kunyamaza. Mwaka 2013 padre mmoja wa Italia alimpa Papa Fransisko yake, nyeupe, iliyokwisha kwenda kilomita 300,000. Chombo kikiwa cha watu wote huingia katika mambo ya watu wote.

Katika nyumba yetu iliingia kwa njia ya baba yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Taita, na Roho yake ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ina kona kali, na siku hizo za mvua ilikuwa matope matupu. Magari makubwa yalikwama, nayo ikapita ikiinama upande mmoja mpaka tukadhani italala. Nyuma tulipakia kabichi, mahindi, wagonjwa, na mara moja jeneza, mlango wa tano ukiwa umefungwa kwa kamba. Kisha mwaka 1981 nikaitwa kidato cha tano katika shule ya mbali, na karo haikuwapo. Niliporudi likizo ya kwanza nilikuta mahali pake uani pamebaki doa la mafuta. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, wala mimi sikuuliza. Nilipokuwa nikisoma kitabu usiku shuleni, nililiona lile doa.

Basi, msomaji, sasa waijua sababu yangu. Miaka 33 ilipita kabla sijaweza. Sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyozidi miaka minane, kwa hiyo atakaye Renault 4 hana budi kuitafuta miongoni mwa zile zilizokwisha ingia zamani. Ya kwanza niliyooneshwa, rangi yake iling'aa kama kioo. Kwa furaha nilitoa malipo ya kwanza bila kuinama. Fundi wangu alipoingia chini yake na bisibisi, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini: palipofungwa nondo za nyuma palikuwa kutu tupu iliyozibwa kwa udongo wa bodi na kupakwa rangi. Malipo yale sikurudishiwa. Hilo ulikumbuke ikiwa siku moja utakwenda kununua kitu ukikipendacho mno: inama kwanza, na uanzie huko nyuma chini, kwa maana injini ya Roho hutengenezeka na mlango hubadilishwa, ila sakafu ikiisha hakuna gari.

Ya pili niliipata Limuru kwa mzee mmoja mkulima wa chai, aliyepita miaka themanini. Yake haikuwa na mng'aro wowote. Bisibisi iligonga chuma.

"Utaifanyia nini, kijana wangu?" aliniuliza, nami nikiwa na mvi.

"Nitaiendesha, mzee. Baba yangu alikuwa na moja, akaiuza anisomeshe."

Alinitazama kitambo, kisha akaingia ndani kuleta kitabu cha gari. Bei hakuipunguza hata senti moja.

Safari ya kwenda Taita ilinichukua siku mbili, ingawa basi huimaliza kwa siku moja. Malori ya Mombasa yalinipita yakipiga honi. Mengine kwa hasira, mengine kwa salamu. Nilipofika, baba alikuwa ameketi barazani. Macho yake yalikuwa yamepungua, akaijua kwa mlio kabla hajaiona. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyatunga tangu Voi: kwamba nimemrudishia motokaa aliyoitoa kwa ajili yangu, na kwamba sikusahau.

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Ile?" akasema. "Mwanangu, ile nilikuwa natafuta njia ya kuiondoa. Upepo uliingia kila mahali, na mama yako alikuwa akilalamika mgongo. Nilitaka Peugeot. Karo yako ilinipa sababu ya kuiuza, ila hiyo Peugeot sikuipata kamwe."

Sikujua la kujibu. Miaka 33 nilikuwa nimelitazama lile doa la mafuta kama deni, na mwenye kudai alikuwa hana habari ya deni lolote. Nikaanza kucheka nami, ijapokuwa si kwa moyo wote.

Ndipo akaomba nimshike mkono ainuke. Aliingia upande wa dereva, akaketi, akaweka mkono wa kulia juu ya usukani. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye ule mwavuli wa gia, bila kupapasa, ukauvuta kidogo, ukausukuma, ukauzungusha.

"Ya pili ni ngumu," akasema. "Hata ile ilikuwa hivyo. Zunguka uketi huku, tushuke mpaka Mwatate. Wewe utaniambia kona ziko wapi."

Nilimwambia, "Baba, nitaendesha mimi." Alibishana nami mpaka jua likatua.