K-Rep: Kutoka Mikopo ya Kibera hadi Leseni ya Benki

Huduma ndogo za fedha, yaani mikopo na akiba kwa watu ambao benki za kawaida huwaona hawakopesheki, zimebeba tangu mwanzo malengo mawili yasiyopatana kwa urahisi: kuwafikia maskini, na kujiendesha bila kutegemea wafadhili. Nchini Kenya, mvutano huo unaonekana wazi katika historia ya K-Rep, iliyoanzishwa mwaka 1984 kwa fedha za Shirika la Misaada la Marekani, USAID, ikiwa na kazi ya kuyapatia mashirika mengine mtaji wa kukopesha.

Ilipoanza kukopesha yenyewe kupitia mpango wa Juhudi huko Kibera, jijini Nairobi, K-Rep ilifuata mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh. Wakopaji walijiunga katika makundi madogo yaliyoitwa watano, na kwa kuwa hawakuwa na hati za ardhi za kuweka rehani, walidhaminiana wao kwa wao, hivyo deni la mmoja likawa mzigo wa wenzake. Utaratibu huo ulipunguza hasara, lakini haukuondoa gharama, kwa sababu afisa anayefuatilia mkopo wa muuza mboga hutumia muda ule ule anaotumia anayefuatilia mkopo wa mwenye duka kubwa, au zaidi, ilhali riba anayokusanya ni ndogo mno. Kwa hiyo kulikuwa na njia tatu: kutoza riba ya juu, kuongeza ukubwa wa mikopo, au kuendelea kupokea ruzuku, yaani fedha za mfadhili zinazofidia pengo.

K-Rep iliamua kujitegemea. Kwa kuwa sheria haikuliruhusu shirika lisilo la kiserikali, kama ilivyokuwa K-Rep, kupokea amana za umma na kuzikopesha, iliomba leseni, na mwaka 1999 ikawa benki ya biashara, hatua inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Amana zilileta mtaji, lakini wanahisa na kanuni za Benki Kuu ya Kenya vilidai faida na uangalifu, mambo yanayoielekeza benki yoyote kwa wateja wenye mikopo mikubwa.

Waasisi walikuwa wameliona hilo, ndiyo maana walitenganisha benki na wakala wa maendeleo uliobaki na kazi ya majaribio, ukiwemo uanzishaji wa vyama vya fedha vijijini ambamo wanakijiji wenyewe walinunua hisa, waliviendesha na kukopeshana. Benki, kwa upande wake, ilinunuliwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya uwekezaji ya Centum mwaka 2014, na mwaka 2016 ikaitwa Sidian. Mgawanyo huo wa benki na wakala unathibitisha kwamba kujitegemea kwa asasi hakufuti gharama ya kumfikia maskini. Huamua tu nani atailipa, iwe ni mkopaji kwa riba, mfadhili kwa ruzuku, au wanakijiji kwa kazi yao wenyewe.