Uharamia na Ughushi: Maovu Mawili, Tiba Mbili

Uharamia, katika lugha ya miliki bunifu, ni kunakili kazi ya mtu bila idhini yake: wimbo, filamu, kitabu, programu au mchoro. Ughushi wa alama ni kuitia bidhaa jina au nembo ya mfanyabiashara mwingine ili mnunuzi adanganyike. Sheria za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilizoandikwa kwa Kifaransa, huyaita yote mawili contrefaçon. Kiswahili kina maneno mawili. Tuyatumie, kwa sababu kila ovu lina kinga yake.

Kitenge kinaonyesha tofauti hiyo. Mama wa kijiji cha Vuhovi anapochagua kitenge katika mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, hutazama maua, kisha maandishi ya ukingoni. Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, huwalipa wachoraji wabuni maua ya vitenge vyake. Kiwanda kingine kikiyanakili, huo ni uharamia. Kikichapa ukingoni jina la Vlisco, huo ni ughushi. Mara nyingi yote mawili hukutana katika kitambaa kimoja.

Hasara huwafikia wengi. Mwigaji hajamlipa mchoraji, kwa hiyo huuza kwa bei ambayo mwenye mali halisi hawezi kuifikia. Rangi ikichujuka, lawama humwangukia mwenye jina. Kwa wafanyabiashara wa Butembo, wanaoagiza mali Dubai na China, jina jema ndilo huwapatia wateja na mkopo. Likichafuka, mtaji umepotea.

Kinga ya uharamia ni hakimiliki. Kwa sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila usajili, na hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Shirika la SOCODA hukusanya malipo kwa niaba ya watunzi. Hata hivyo, mtunzi ahifadhi rasimu zenye tarehe, zimsaidie mahakamani.

Alama ya biashara hufuata njia nyingine. Kwa sheria ya tarehe 7 Januari 1982, lazima isajiliwe katika wizara ya viwanda, Kinshasa. Ulinzi ni wa miaka 10, na huhuishwa. Mali za Butembo hupitia Uganda hadi Kasindi, mpakani, lakini alama iliyosajiliwa Kampala pekee hailindwi Kongo. Basi anayetaka kuagiza bidhaa kwa jina lake aanze na usajili, ndipo atume oda kiwandani.