Majivu ya Boila katika Mashamba ya Bomet

Viwanda vya majani chai vya Bomet, vikiwemo Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek, hukausha chai kwa joto la mvuke, na boila zake huchoma kuni, nyingi za mikaratusi. Hubaki majivu. Yakirundikwa nyuma ya kiwanda, mvua huyapitia na kuteremsha maji makali ya alkali hadi mtoni. Majivu mabichi, kwa oksidi ya kalsiamu iliyomo, huchoma ngozi na mizizi.

Alkali hiyohiyo ni dawa ya mashamba ya jirani. Udongo mwekundu wa huku, kwa mvua nyingi na mbolea za amonia za miaka mingi, una asidi. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka, mizizi ya mahindi hudumaa, na fosforasi ya mbolea hunaswa na udongo kabla mmea haujaifikia. Majivu hupunguza asidi na kuongeza potasiamu. Naitrojeni yake imekwenda na moshi. Kwa nguvu hayafikii chokaa ya kilimo itokayo Koru, hivyo hutakiwa mengi zaidi.

Ajabu ni kwamba mchai wenyewe hauyataki. Hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.6 hivi, na huvumilia aluminiamu inayodhuru mahindi. Katika mashamba ya chai mna madoa palipokuwa na nyumba au boma la ng'ombe zamani: majivu na samadi vilipandisha pH, na michai ya hapo hugeuka manjano na kufa hadi udongo utiwe salfa. Anayemwaga majivu ya kiwanda chini ya michai anatengeneza doa jipya.

Usalama huanzia kwenye kuni. Vipande vya nguzo za stima zilizotiwa dawa huacha kromiamu na aseniki majivuni, na hakuna kuchekecha kunakoviondoa. Vumbi jepesi la bomba la moshi hubeba kadimiamu zaidi kuliko majivu mazito ya chini ya tanuru, basi hutengwa. Majivu safi hunyunyiziwa maji, huachwa kwa wiki kadhaa yapungue makali, huchekechwa ili kuondoa makaa na misumari, kisha hupimwa maabara pamoja na udongo wa shamba. Kukisia kiasi kwa debe ni kubahatisha. Huchanganywa na udongo kabla ya kupanda, mbali na yurea na samadi mbichi, maana alkali hugeuza amonia kuwa gesi ikapotea hewani. Shamba la viazi lisiwekewe: ugonjwa wa upele wa viazi huzidi asidi inapopungua.